Pointi Kumi za Kutoolewa

Jumatatu, 7 Oktoba

Tulasa kaja tena na sahani ya momo, maandazi yetu ya Kinepali ya mvuke yenye nyama. Adelaide nzima inajua momo za Tulasa haziendi nyumba ya mtu bure. Kakaa, kanywa chai, macho yanazunguka kumtafuta Sirjana. Sirjana ni mtoto wa kaka yangu, kasomea ualimu wa chekechea hapa hapa, anaishi kwetu. Tulasa kaniuliza mtoto anatoka kazini saa ngapi. Nikasema hana saa maalumu. Akasema hata mwanawe Bikalpa hana saa maalumu, basi wataelewana.

Nikajua. Posa hiyo.

Wakati wenyewe mbaya. Serikali ya huku Australia inakuhesabia pointi kwanza, ndiyo ikualike kuomba ukaazi wa kudumu. Umri una pointi, masomo yana pointi, Kiingereza kina pointi. Na asiye na mume ana pointi kumi. Sirjana kasimama juu ya mstari kabisa, zikitoka hizo kumi anaanguka. Wakala wake wa uhamiaji kasema akiolewa sasa, hesabu inaanza upya. Kibali alichonacho kinakwisha mwezi ujao. Mwaliko usipokuja, anarudi kwetu Gorkha, Nepali.

Mimi niliyewaoza nusu ya wasichana wa mtaa huu, leo nimekuwa mlinzi wa geti.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata dawa. Nimemkuta Tulasa dukani kwenye magunia ya mchele, nikamvuta pembeni. Nikamwambia dada yangu, nakupenda ndiyo maana nakwambia, usijisumbue, mtoto keshaolewa. Hekaluni, kule nyumbani, mwaka jana, kimya kimya. Mume yuko Qatar kwenye majengo.

Akataka kuona picha. Nikasema picha ziko kwenye simu ya mume, Qatar.

Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa hata sijamaliza sentensi. Anayeapa haraka hivyo si wa kumwamini, ila nilikuwa nimeshasema.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tulasa nyoka. Kaandika kwenye kundi la simu la Wanepali wote wa huku: hongera Sirjana na mumeo, mbona mmetuficha. Maua, mioyo, mashada. Mpaka kuhani wa hekalu kaweka mikono ya baraka.

Sirjana karudi kutoka kazini kashika simu mbele yake kama sahani ya moto. Akaniuliza kwa upole, Shangazi, mume wangu anaitwa nani? Nikasema watu wa huku wana midomo, mwanangu. Akasema mdomo anaujua, ameukuta hapa mezani unakula gundruk, mboga zetu za kuchacha.

Wakala naye kapiga. Sirjana alishaandika kwamba hajaolewa. Wakubwa wakiona hongera zile wanaweza kusema kadanganya, na aliyedanganya anafungiwa mlango miaka. Kwa hiyo si pointi kumi tena, ni kila kitu.

Mtoto hakula. Akanishika mkono, akasema Shangazi, usifanye kitu. Nakuomba. Usifanye kitu chochote. Karudia mara mbili. Nikaona jinsi anavyonitegemea.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemuua mume.

Nimekaa nikafikiri vizuri. Mjane ana mume? Hana. Pointi zinarudi. Nikampigia Tulasa, nikalia kidogo, nikasema winchi limemwangukia yule kijana huko Qatar, Mungu amlaze. Tulasa akauliza winchi la kampuni gani. Huyu mwanamke ana roho ngumu, mtu kafa yeye anauliza kampuni.

Nimelala vizuri.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya tika, kilele cha sikukuu yetu ya Dashain. Mbuzi jikoni tangu alfajiri. Mume wangu Lokendra kapanga sinia: mchele mwekundu wa kupaka kwenye paji, majani ya shayiri, matunda. Tukavaa. Tukakaa. Hakuja mtu.

Mimi na tuhuma zangu. Nikasema Tulasa kawagomesha watu.

Mchana mlango ukagongwa. Wanawake, wote wamevaa nyeupe ya msiba, wamebeba ndizi. Tulasa mbele. Hapo ndipo akili ikanirudi: nyumba yenye msiba haipakwi nyekundu. Nani atamtia mjane tika? Dashain yetu nzima nimeizika pamoja na yule kijana.

Nikafikiri niwape chai wapite. Mara Sirjana huyo anatoka zamu ya asubuhi, ana rangi za watoto mikononi. Wakamdaka mlangoni, wakamlilia begani. Mmoja akamwambia jikaze mwanangu, bado kijana, utapata mwingine.

Sirjana akawaacha walie. Kisha akasimama katikati ya sebule akasema hajaolewa, hajawahi kuolewa, hakuna aliyekufa, na kama kuna maiti wamuulize shangazi yake kaiweka wapi.

Tulasa akanigeukia, akasema dada Chameli, kwa wiki moja umemwoza na umemzika, na hata pilau ya harusi hukutuita.

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Lokendra, ambaye hajafungua mdomo tangu Alhamisi, akauliza kama sasa mbuzi analiwa.

Analiwa. Sirjana akamwomba Tulasa aandike kwenye kundi kwamba habari ile ilikuwa uongo, na amwandikie wakala pia. Nikajua atadai kitu. Hakudai. Akamwita Bikalpa, mwenye Kiingereza, akaandika pale pale, Tulasa akatia sahihi. Kisha akachovya vidole kwenye sinia, akampaka Sirjana tika, akambariki: upate karatasi kwanza, mengine yatakufuata.

Bure hivyo hivyo? Kuna kitu anapika.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mwaliko umekuja. Sirjana kaufungua jikoni, kasoma, kakaa sakafuni akalia kwa sauti. Lokendra kamkalia pembeni, naye analia. Mimi nimelia kuliko wote, jirani kachungulia ukutani.

Ila kibali chenyewe bado. Wakala kasema atulie, ajaze fomu, angoje. Sirjana kanisihi nisiseme chochote cha nyumba hii kwa mtu yeyote. Nimekubali kwa moyo mmoja.

Jioni Bikalpa kaleta peremende za hongera. Wamesimama jikoni na Sirjana muda mrefu, wanacheka. Nasikia na yeye anangoja mwaliko wake, naye kwa pointi hizo hizo za kutooa. Nilimwangalia anavyoshika kikombe. Hapana. Siwezi kukaa nikaangalia wakioana kabla ya vibali.

Nilipokwenda kumwaga takataka nikamkuta jirani. Habari za nyumba yangu sikugusa hata moja. Nimemwambia tu, kwa siri, kwamba Bikalpa ana mke kule nyumbani, Chitwan. Akaniuliza jina lake, nikampa jina zuri.

Mambo yakiharibika, mke huyo anaweza kuugua ghafla.