Sauna ya Dada Pirkko Yaenda Ziwani

Jumanne, 1 Aprili

Maire Tuokko kapiga simu nikiwa nakunywa kahawa. Anasema wameifuta tamthilia yetu, Nyumba ya Halvari. Nikacheka sana. Nikamwambia leo ni Siku ya Wajinga, akamdanganye mwingine. Akanyamaza. Maire hanyamazi kamwe! Nikawasha redio. Ni kweli. Hakuna msimu wa nne. Watazamaji hawatoshi.

Kahawa imepoa. Sijaigusa tena.

Hawajui walichokifuta. Familia ya Halvari ikilala, nyumba yao inahama. Wanaamka msituni. Wanaamka katikati ya shamba la shayiri. Hakuna anayeuliza kwa nini. Wanaweka maji ya kahawa jikoni, wanafungua mapazia kuona ni wapi leo. Na sehemu ya mwisho nyumba imesimama juu ya ziwa lililoganda, theluji imeanza kuyeyuka, bibi anafungua dirisha, barafu inalia chini. Giza. Majina ya waigizaji. Basi! Wametuacha hapo!

Mama na mimi tulikuwa tukiitazama kila Jumapili, mpaka Novemba alipofariki. Alikuwa akisinzia katikati. Aliniambia, Ensio, nyumba ikifika inakokwenda, niamshe.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepata mbinu. Nimepiga simu kituo cha televisheni kwa sauti nzito, nikajitambulisha kama tajiri wa Kiswidi anayetaka kufadhili tamthilia moja, yoyote ile, kwa mfano Nyumba ya Halvari. Dada wa mapokezi akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, asante, Bwana Ensio Kaukoranta, je, kile kikohozi cha juzi kimepona?

Kumbe juzi nilipojifanya daktari nilikohoa.

Jumapili, 6 Aprili

Mkutano wa mashabiki sebuleni kwa Maire. Mikate ya iliki, mizuri, sikatai. Maire ndiye mwenyekiti kwa sababu sebule ni yake. Mpango wake: kila mmoja aweke mshumaa dirishani, tukusanye sahihi, tuandike barua yenye heshima. Wote wakaitikia kwa vichwa kama kondoo.

Nikasimama. Nikawaambia mshumaa dirishani hata msomaji wa mita za umeme anao. Tunahitaji nyumba. Nyumba halisi, juu ya barafu halisi, hapa kwetu Sysmä, ziwani, magazeti yaje yapige picha! Kisha Maire akauliza, kwa ile sauti ya ualimu aliyostaafu nayo, hiyo nyumba ni ya nani.

Nikajibu ninayo.

Sikuwa nayo. Nilirudi kwa miguu kando ya ziwa nikiwaza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barafu, jua likiwa ndani yake kama taa iliyofunikwa kitambaa. Na pale ufukweni, nyeusi, ndogo, paa limejikunja kidogo, nikaiona. Sauna ya dada yangu Pirkko, kile kibanda chake cha kuogea mvuke! Dirisha moja, bomba moja la moshi, mlango mfupi. Nyumba ya Halvari kabisa!

Dada yuko mbali, mji wa Oulu, kwa bintiye, kuna mjukuu mpya. Hatarudi kabla ya Pasaka. Sauna aliijenga baba kwa mikono yake, na Pirkko mwenyewe alizaliwa humo ndani, kama watu walivyozaliwa zamani. Lakini mimi naiazima tu. Itaenda na kurudi. Hatajua.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwendea jirani yangu Urho, mwenye trekta. Akanitazama. Akalitazama ziwa. Akasema, we Ensio, huu ni Aprili, kichwa chako kimeyeyuka kabla ya barafu? Nikamwambia alfajiri barafu huwa ngumu. Akasema barafu ya alfajiri ni ngumu, ya mchana ni uji. Nikamwambia tutairudisha kabla ya mchana. Urho naye alikuwa akiitazama Halvari, kwa siri, mkewe hapendi. Mwishowe akauliza kama bomba la moshi litafuka moshi, kama kwenye tamthilia. Nikamwambia litafuka.

Tukapeana mikono.

Jumamosi, 12 Aprili

Imeenda! Sauna imeenda ziwani!

Tuliipandisha juu ya magogo, trekta likavuta, ikatoka ufukweni ikitikisika kama bibi kizee anayeshuka ngazi. Kisha ikaanza kuteleza yenyewe, bila kelele. Ukungu mzito. Trekta lilipopotea mbele, nilichokiona ni nyumba tu, inatembea peke yake katika weupe. Nilivua kofia. Sijui kwa nini.

Urho akalirudisha trekta ufukweni, na watu wakaja. Maire na mikate yake. Vijana kutoka mji wa Lahti. Wenye magari waliyaacha barabarani, wakaja kwa miguu. Nikawasha jiko, moshi ukapanda wima. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mtu aliongea chini kama yuko kanisani.

Mwandishi wa gazeti alichelewa, akapiga picha. Na nyuma yake akaja mwanamke mmoja mrefu, amevaa viatu visivyofaa kabisa kwa barafu. Sylvi Haarla! Mtunzi mwenyewe! Kaendesha gari kutoka Helsinki. Akaingia saunani, akakaa juu ya benchi na koti lake, nasi tukabanana tuliotosha. Akachungulia dirishani. Muda mrefu.

Maire akaniwahi (bila shaka!) kumuuliza: nyumba ilikuwa inaelekea wapi?

Sylvi akasema, jamani, sijui. Akasema aliitunga sehemu moja baada ya nyingine, na kila mara alidhani itajulikana mbele. Kisha akatugeukia akauliza, kwa kweli kabisa, si kwa kejeli: ninyi mlikuwa mnadhani inakwenda wapi?

Kijana wa Lahti akasema baharini. Maire akasema inarudi palepale ilipoanzia, na ndiyo maana inachelewa. Urho, kutoka mlangoni, akasema inatafuta mtu. Zamu yangu ilipofika niliinamisha sikio sakafuni. Nilikuwa nasikia maji yakitembea chini ya sakafu, polepole, kama mtu anayegeuka usingizini. Sylvi akanishika mkono wa koti. Basi tu.

Tulikaa humo mpaka tukasahau mchana.

Urho alipokwenda kulichukua trekta, barafu ilikuwa na maji juu yake. Akasema yeye na trekta lake hawaingii humo hata kwa dawa. Tukarudi ufukweni kwa mstari, mmoja mmoja, viatu vimejaa maji. Sauna imebaki. Bado inafuka moshi.

Jumatatu, 14 Aprili

Gazeti limetoka. Picha nzuri ajabu. Maelezo chini yake: "Maire Tuokko na nyumba yake." NYUMBA YAKE! Mimi naonekana nyuma, nusu, kiwiko tu. Nimempigia Maire. Anasema hakusema yeye, wamekosea wao. Anasema pia kiwiko changu kimetoka vizuri.

Sauna imeinama kidogo upande wa kushoto.

Alhamisi, 17 Aprili

Kituo kimejibu. Wanatushukuru kwa mapenzi yetu. Hapana.

Na Pirkko karudi. Mapema! Nilikuwa nimepanga kumwambia taratibu, kwanza habari za mjukuu, halafu hali ya hewa. Lakini yeye alipitia ufukweni kwanza. Nilimkuta amesimama mbele ya yale mawe manne ya msingi, begi bado mkononi. Akauliza, mdogo wangu, sauna yangu iko wapi. Nikaonyesha kwa kidole.

Aliitazama kule mbali, imeinama katika maji ya samawati, nyeusi, dirisha linameremeta. Nilisubiri anipige. Akasema, "Nimezaliwa mle, Ensio." Nikasema najua, dada. Akasema, "Unajua, halafu ukafanya." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Imezama. Tulikuwa ufukweni, mimi na yeye, hatusemeshani. Ilianza kushuka bila haraka, kama mtu anayeketi baada ya safari. Paa lilibaki juu kidogo, ndege mweupe akatua juu yake, akaruka, na paa nalo halipo.

Pirkko akalia. Kisha akauliza ilikuwa ni tamthilia gani hiyo, hata nikafanya hivi.

Tukaenda kwangu. Nikaweka sehemu ya kwanza. Akasema ataitazama moja tu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tumeimaliza yote. Pirkko alitazama bila kufunga jicho, akanikataza hata kutafuna. Bibi alipofungua dirisha na barafu ikalia, dada alinishika kifundo cha mkono. Giza. Majina.

Alikaa. Kisha akasimama akaipigia televisheni kelele, "Hawawezi kutuacha hapa! Wehu hawa!" Nikamwambia Mama aliomba aamshwe ikifika. Akakaa tena, karibu yangu. Akasema tumwache alale.

Amenisamehe. Nadhani. Amesema nitajenga sauna mpya kwa mikono yangu mwenyewe, na hadi iishe atakuwa anaoga kwangu, Jumamosi zote, na mimi nitakuwa nje.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimepumzika. Nimetafakari. Mipango mikubwa haifai, nimeona. Huumiza watu wa karibu. Kuanzia leo mimi ni mtu mtulivu.

Mchana redio imetangaza kwamba kile kipindi cha jioni cha sauti za ndege kinaondolewa. Kimekuwapo tangu utoto wetu! Sijakisikiliza kwa miaka, lakini hilo si hoja. Maire kapiga simu papo hapo, anasema wameshaanza kukusanya sahihi, na ananiomba kwa hisani yangu nisifanye chochote. Nikamwahidi.

Kisha nikaenda kwa Urho kumuuliza, kwa upole tu, kama bado ana ile ngazi inayofika kwenye kengele za kanisa, na bata mzinga mmoja anayeweza kukaa kimya mpaka apewe ishara ya kulia.