Sadaka ya Magurudumu Matatu

Msabaha alikuwa ameketi kwa muuza kahawa, mkabala na nyumba ya wageni ya Mzee Mikdad, anakunywa kahawa ya mtu mwingine. Tusimseme vibaya. Kunywa kahawa ya mtu mwingine si wizi. Mazungumzo yakinoga mwenye kikombe hujisahau, na Msabaha alijaliwa kipaji cha kunogesha.

Hapo ndipo alipolisikia somo. Wageni wawili kutoka Dodoma walikuwa wametoka ndani kuuliza njia ya kwenda ufukweni, na Mzee Mikdad, badala ya kuwaonyesha kwa kidole, akawasimamisha barazani.

"Simu mfuko wa mbele, mkono juu yake," alisema. "Anayekuita rafiki si rafiki. Anayekuita ndugu, huyo ndiye mwizi mwenyewe, mkimbieni. Mkiombwa msisimame, maana anayesimama ameshatoa nusu. Na msipeane kitu na mtu uchochoroni, hata kama ni chenji yenu. Jambo lolote na mtu msiyemjua lifanyike mchana kweupe, penye watu, mashahidi wanaona. Bahari iko kule, mbele ya soko la samaki."

Wageni wakashukuru sana, wakarudi ndani kulala.

Mzee Mikdad hakuwa mwoga hivihivi. Aliwahi kwenda Kariakoo na kanzu yenye mfuko, akarudi Bagamoyo na kanzu yenye dirisha. Tangu siku hiyo akawa mwalimu wa usalama asiyelipwa, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa wa birika hata kabla ya Kariakoo, aliowachukia kuliko wote ni ombaomba. Kwake hao walikuwa wapelelezi wa wezi, na vilema ni wezi waliojificha vizuri zaidi. Mwezi uliopita, asubuhi ya Ijumaa maskini wanapopita mlango kwa mlango, Bi Swaumu, mama mtu mzima mwenye mguu mbovu, alisimama kwenye baraza ya mzee huyo. Hajamaliza kusema "sadaka, baba", Mzee Mikdad akammwagia ndoo ya maji. Mtaa mzima uliona. Bi Swaumu hakusema neno. Alikamua kanga yake akaenda zake.

Msabaha alikitua kikombe cha watu, akatazama uani kwa mzee yule. Palikuwa na bajaji mpya ya buluu, viti bado vina nailoni.

Ni vizuri tujue mapema alikuwa na shida gani, maana shida yake ilikuwa ya kweli, pengine kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho. Alikuwa na miaka arobaini kasoro na analala sebuleni kwa dada yake, Mwaija. Na Mwaija alikuwa amemwambia, bila kupandisha sauti, "Mwezi wa Ramadhani ukiandama, kaka, nataka sebule yangu. Wakwe zangu hawawezi kufuturu wamezunguka godoro lako." Mwenye bajaji hupanga chumba. Asiye nayo huambiwa ajaribu kwa rafiki zake, na rafiki wa Msabaha wote walikuwa wanamdai maelezo.

Kesho yake akaazima kofia ya viua na tasbihi, akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sina."

"Sijaomba kitu, mzee."

"Ndivyo wanavyoanza."

"Nimekuja kukupongeza tu. Jana nilisikia unavyowafundisha wageni. Wangekuwepo wazee watano kama wewe, mji huu tungelala milango wazi."

Mzee Mikdad alimwangalia kwa makini. Alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini mafuta ni mafuta, na hakuna aliyempaka siku nyingi. Akamwonyesha kigoda. Msabaha akakaa ukingoni.

"Ila kuna jambo nimelisikia," akasema. "Si langu kulisema."

"Basi usiliseme."

"Sawa, mzee. Nikuage." Akasimama, akavaa ndala moja, akaitafuta ya pili polepole mno kwa mtu mwenye ndala mbili tu.

"Hebu keti. Jambo gani?"

"Albadiri."

Mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa, lakini kwa ajili ya wageni: albadiri husomwa na aliyedhulumiwa. Akishasoma hukaa kitako akasubiri, na aliyedhulumu huanza kuvimba tumbo, au mguu, au biashara. Wapo wasomi wanaosema si hivyo hata kidogo. Wasomi haohao, wakisikia itasomwa kesho, hurudisha kuku wa watu leo.

"Nani anasoma?" Sauti ya Mzee Mikdad ilikuwa imekauka.

"Maskini wa Ijumaa. Nasikia wanachangishana wamlete msomaji. Ni ile ndoo."

"Ndoo gani?"

"Mzee. Ndoo gani, kweli."

Mzee Mikdad akaanza kuzihesabu nuksi zake. Pampu ya maji imeungua, ambayo aliinunua mtumba. Wale wa Dodoma wameondoka alfajiri bila kula chai, baada ya somo la pili kuhusu vyakula vya mitaani. Akanyoosha mguu. "Na goti hili linaniuma," alisema.

"Ndivyo linavyoanza," akajibu Msabaha, ambaye hakuwahi kuumwa goti maishani mwake. "Dawa ipo, mzee. Ni kumtaka radhi uliyemkosea, na kumpa sadaka."

"Nitampa mchele. Kilo mbili."

"Kilo mbili zinatuliza njaa. Hili si la njaa."

"Mbuzi basi."

"Mbuzi ataliwa, kesho kasahaulika, na albadiri haisahau. Yule mama mguu wake mbovu, na wewe ulimfukuza aende kwa miguu. Sadaka yake ni kitu cha kumtembeza."

Macho ya Mzee Mikdad yalikwenda uani yenyewe, mwenyewe hataki.

"Ninayo moja ya zamani kule nyuma," alisema hatimaye. "Haina injini, lakini bodi yake nzima."

"Hiyo si sadaka, mzee wangu. Hiyo ni takataka inayotafuta pa kutupwa."

Mzee Mikdad akaomba aachwe afikiri. Akafikiri kutwa nzima, huku akilibonyezabonyeza goti kulipima kama linavimba, mpaka kufikia alasiri likawa limevimba kweli. Akamtuma mtu kumwambia Msabaha kwamba bajaji mpya ataitoa Ijumaa.

Msabaha alikuwa ameshakwenda kwa Bi Swaumu, anayekaa nyuma ya soko la samaki. Alimkuta anakuna nazi, akamweleza mpango wote bila kuficha, kwa sababu aliamini maskini hana la kufanya na siri. Mzee atampa bajaji kwenye uchochoro nyuma ya maghala ya zamani, mahali pasipo na macho. Yeye Bi Swaumu atasema amesamehe. Msabaha, akijitambulisha kama mtoto wa dada yake, ataiendesha hadi mbali, na mama atapata doti ya kanga na mchele wa mfungo mzima.

Bi Swaumu akasita, mkono juu ya mbuzi ya nazi. "Kwa hiyo kazi yangu mimi ni kusamehe."

"Hiyo tu, mama."

"Haya."

Msabaha akaondoka anapiga mluzi. Hakujiuliza kwa nini mwanamke aliyeahidiwa kanga asiulize hata ni za rangi gani. Mwanamke wa Bagamoyo asiyeuliza rangi ya kanga ana jambo jingine kichwani, na hilo angeambiwa na mtoto yeyote pale mtaani.

Ijumaa ikafika, na kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa uchochoro.

"Uchochoroni?" Mzee Mikdad alimshangaa. "Wewe kijana, hukunisikia nikifundisha? Mali haikabidhiwi uchochoroni. Leo nimpe mama wa watu bajaji gizani, kesho atokee tapeli aichukue, aseme ni yake. Nani atamshuhudia?"

"Wapo watu wa namna hiyo, mzee?"

"Wamejaa. Usiwe mjinga."

Basi wakatoka kuswali, na baada ya swala bajaji ikapelekwa sokoni, mbele ya meza za samaki, saa ambayo hata paka wa mjini huwa pale. Mzee Mikdad alikuja na mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti alikuja na muhuri. Ikaandikwa kwamba kuanzia leo mwenye chombo hiki ni Swaumu binti Mwinshehe, wala si mtu mwingine awaye yote. Maneno hayo ya mwisho Mzee Mikdad aliyataka yeye, kwa usalama. Muhuri ulipogonga, Msabaha alirudi nyuma hatua moja.

Kisha mzee akavua kofia, akamgeukia Bi Swaumu mbele ya halaiki ile. "Mama, nilikukosea. Nimekuja kukutaka radhi." Wauza samaki wakaacha kupara.

Bi Swaumu alipoanza kusema, hakusema kama mtu aliyekodishwa.

"Maji yale yalikuwa ya deki, Mikdad. Na kanga niliyovaa ndiyo ya mwisho aliyoninunulia marehemu mume wangu. Nilipita mtaa mzima inachuruzika, watoto wananitazama. Ijumaa iliyofuata sikutoka. Nilikaa na njaa kwa kuona haya. Sikukuombea baya. Nililia tu. Sasa umekuja mwenyewe, mbele za watu. Nimekusamehe, dunia na akhera."

Mzee Mikdad alilia pale pale, bila kujificha, machozi yakaingia kwenye ndevu. Mwenyekiti naye akapangusa macho kwa upande wa kiganja usio na wino. Msabaha hakulia, maana alikuwa kazini.

Akajitokeza, mkono mbele. "Basi, mama mdogo, nipe ufunguo nikuendeshe nyumbani."

"Huyu ni nani?" akauliza mwenyekiti.

"Ni kijana aliyeniletea habari njema," alisema Bi Swaumu. "Mungu amlipe. Yasmini, mwanangu, njoo."

Akatoka katikati ya watu mwanamke mmoja wa makamo, kajifunga kilemba, leseni iko mkononi. Alikuwa ameendesha bajaji ya mtu kule Ubena miaka mingi, na mama yake, Bi Swaumu, alimpigia simu Jumatano, mara tu Msabaha alipoondoka. Akachukua ufunguo, akaichana nailoni ya kiti cha mbele kwa kucha, akakaa. Halaiki ikapiga vigelegele. Msabaha naye akapiga makofi, kwa sababu mikono ilikuwa tayari iko juu.

Alisubiri watu wapungue, akasogea kwenye dirisha la abiria alikoketi Bi Swaumu.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nisamehe. Nimesamehe."

"Ilikuwa mchezo, mama."

"Ndoo ilikuwa mchezo?"

Msabaha akatazama magurudumu.

"Maji ulimwagiwa wewe?" Bi Swaumu aliuliza taratibu, kama anayetaka kujua.

"Hapana, lakini akili ilikuwa yangu. Bila mimi angekupa nini yule?"

"Asingenipa kitu. Ndiyo maana nitakuombea dua kila Ijumaa."

"Nitasema kila kitu," alisema Msabaha. "Nitamwambia mzee ameingizwa mjini."

"Sema, mwanangu. Mwenyekiti yule pale, hajafunga muhuri wake. Anzia pale uliposema tunachanga tusome albadiri. Hatukuwa tunachanga. Lakini kama unaona kuna mtu kadhulumiwa katika jambo hili, tutachanga leo, isomwe kesho, imtafute yeyote aliyedhulumu. Wewe utakaa upande gani?"

Msabaha alifikiri. Alizungusha akili yake yote aliyokuwa akiiringia, kila pembe, na kila alipogeuka alijikuta yeye mwenyewe amesimama pale amevimba. Akili ilipomwishia, kikabaki kile kitu chake kimoja cha kweli.

"Mama," alisema, na sauti ikabadilika bila yeye kuibadilisha. "Dada yangu ananitoa sebuleni. Mwezi ukiandama sina pa kulala. Nisaidie chochote. Sikudanganyi."

Na hakuwa anadanganya. Mkono wake ulikuwa umejinyoosha wenyewe, kiganja juu.

Bi Swaumu aliutazama mkono ule kwa huruma. Miaka mingi aliunyoosha wake namna hiyo, na alijua jinsi unavyochoka begani. Lakini alijua pia neno linalojibiwa, maana aliambiwa kila siku, kila mlango, na watu wema na wabaya.

"Tusamehe, mwanangu," alisema. "Mungu atakupa."

Yasmini akawasha, bajaji ikaondoka, nailoni za viti vya nyuma zinapepea.

Msabaha akabaki amesimama vilevile mbele ya meza za samaki, mkono hajaushusha, kwa sababu hakukumbuka kuwa uko juu. Mzee Mikdad alikuwa anarudi nyumbani, anatembea vizuri, goti limeshuka. Akaona mkono umenyooshwa. Usoni hakutazama. Aliingiza vidole mfukoni haraka, akatoa sarafu ya mia mbili akaiweka kiganjani.

"Tusameheane, baba," alisema, akaongeza mwendo.

Msabaha akaitazama ile sarafu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, wauza samaki wote wanamtazama yeye. Akafumba kiganja.

"Mungu akuzidishie," alisema.