Kukonda Kitandani

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Caren wangu,

Jumamosi tunafanya ukumbusho wako. Mwaka mzima tangu ututoke! Nataka kuvaa ile suti ya kijivu uliyoninunulia ukisema nisikuaibishe tena na jinzi. Nimeijaribu. Haifungi! Nashuku fundi aliibana.

Nikaenda kliniki. Nesi Nasambu akanipima: kilo tisini na sita. Nashuku mizani. Akasema mwili huchoma chakula hata mtu akilala tu, ili moyo upige na mapafu yavute hewa. Akaendelea na habari za misuli na umri. Sikumsikiliza. Dawa nilishaipata. Kulala!

Jumatano, 5 Novemba

Nimelala kutwa. Kikombe cha uji, basi. Jirani Owiti akachungulia dirishani: "Omera, ndugu yangu, unakonda au unaatamia mayai?"

Huyu ananitia shaka. Tuko rika moja, anamaliza mlima wa ugali, na mbavu zake bado zinahesabika. Ana siri.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemfuata Owiti mpaka sokoni Mamboleo. Nikajibanza nyuma ya magunia ya makaa. Alibeba magunia ya viazi toka asubuhi hadi adhuhuri bila kukaa. Mjanja! Alijua namtazama.

Nikarudi kwa Nasambu. Eti misuli ya Owiti huchoma chakula hata akipumzika. Eti nikijinyima sana, mwili wangu nao unabana matumizi, kama mama aliyebakiwa na unga kidogo. Nile samaki na mboga, nitembee, ninyanyue vitu vizito. Nikamuuliza nesi, Owiti amempa nini ili aseme hivyo. Akanijibu, "Mzee, wagonjwa wanangoja."

Jumapili, 9 Novemba

Ukumbusho ulifana. Jana asubuhi sikunywa hata chai, na suti ikafunga! Kwa shida, lakini ikafunga. Kisha dada zako wakafika, kila mmoja na sufuria yake. Unajua kwetu: nikiacha sahani ya shemeji, watasema nimekusahau. Nikala ya Seline. Ya Rachael. Ya Akello, mara mbili, maana alikuwa analia.

Niliposimama kusema neno juu yako, kifungo kikaruka, kikatua kwenye mchuzi wa padri. Watu walicheka. Wewe ungekuwa wa kwanza kucheka, umefunika mdomo kwa leso.

Leo nimegundua kosa. Sikulala vya kutosha! Alhamisi yote Owiti alinitembeza makusudi. Kuanzia kesho ni kitandani, wiki mbili.

Mpaka suti ifunge tena, Caren, unikumbuke nilivyokuwa siku ya harusi yetu.