Amiri Jeshi Mkuu wa Majembe

Umoja wa Kufa na Kuzikana wa Kijiji cha Mpemba,
Tunduma, Mkoa wa Mbeya.
Mei, 2013

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya na mwenye hasira kidogo. Naomba nafasi gazetini kwako kabla ya mkutano wetu wa Jumapili, maana wanachama wangu wamepanga kunipunguzia madaraka. Wameambukizwa na haya maoni ya katiba mpya yanayokusanywa nchi nzima. Ukifungua redio, mtu analalamika kwamba Rais wetu tunampigia kura kama rais, halafu tunamkabidhi nchi kama mfalme. Mimi ninao ushahidi kwamba madaraka hayo hayana ubaya wowote, kwa sababu ninayo.

Ilikuwa hivi. Tulipotaka kusajili umoja wetu tuliambiwa tulete katiba. Hatukuwa nayo, tulikuwa na sufuria, turubai, majembe na machozi. Katibu wetu, Gibson, akaenda stesheneri kwa Bushra, kule Tunduma mjini. Bushra alikuwa na katiba ya nchi kwenye kompyuta, akaiamuru mashine ifute "Rais" iandike "Mwenyekiti", na penye "Jamhuri ya Muungano" iandike "Umoja". Tukagongewa muhuri. Hakuna aliyeisoma isipokuwa mimi, nikiwa nimelala na malaria. Nilipona siku hiyohiyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wananiita mfalme. Katiba inasema katika kazi zangu niko huru, silazimiki kufuata ushauri wa mtu. Sasa kamati ikinishauri tupike wali msibani, nami nikaagiza makande, udikteta uko wapi? Niliwasikiliza. Niliwasikiliza mpaka mwisho, ndipo nikaagiza makande.

2. Wanasema nawapa vyeo ndugu zangu. Kuanzisha vyeo na kuvifuta ni kazi yangu, imeandikwa. Mdogo wangu Abrahamu nilimteua Jaji Mkuu wa Umoja kwa kuwa kifungu kilikuwepo na kiti kilikuwa wazi. Shemeji yangu Anyitike ni Mkuu wa Mkoa wa Chapwa, mtaa wa jirani ambako tuna wanachama wachache lakini wabishi. Ningemteua mtu nisiyemjua, ningemwaminije?

3. Sufuria. Kama ardhi ya nchi hii ilivyo chini ya udhamini wa Rais, na sufuria za Umoja ziko chini ya udhamini wangu, nyumbani kwangu, jikoni. Mke wangu Enesi hupikia pombe humo ili zisikae bure. Badala ya kumshukuru, wanamwita malkia. Wanakuja kuinywa, halafu wanamwita malkia.

4. Hili ndilo limeniuma. Mama Ferista, mjane anayeuza maparachichi kando ya barabara kuu, alisimama mkutanoni akauliza: Mwenyekiti akikosea, nani anamwambia? Niliipekua katiba palepale, kurasa zote, sikuona jibu. Swali ambalo katiba haina jibu lake ni uchochezi. Nikatangaza hali ya hatari, nikavunja mkutano, nikamfuta uanachama. Sasa watu wananung'unika, eti mama wa watu akifa atazikwa na nani. Wamesahau kwamba ninayo pia madaraka ya kusamehe. Nimepanga kumsamehe Desemba, sikukuu ya Uhuru. Kinachotakiwa ni yeye tu asife kabla ya hapo.

5. Gibson alithubutu kunishtaki kwa Jaji Mkuu. Jaji Mkuu akamsomea kifungu kwamba Mwenyekiti hashtakiwi, kisha akanipigia simu kuniuliza kama amesoma vizuri. Huo ndio uhuru wa mahakama, lakini nani anaandika habari kama hizo?

Hoja yao kubwa ni hii: eti leo uko wewe, kesho atakuja mwingine. Ndugu Mhariri, huo ni uchuro. Mwingine yupi? Madaraka makubwa hayana hatari yakishikwa na mtu mwema, na mimi nimejichunguza, nimejiona ni mwema. Kwa hiyo katiba mpya ya nchi isimpunguzie Rais hata nukta. Ikiwezekana aongezewe sufuria.

Nisalimie wachapaji, madereva wa gazeti na mama anayewapikia chai. Jirani zetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waambie mulishani. Na wote waliofiwa mwezi huu, ndaga, yaani asanteni, kwa kuvumilia makande.

Ndimi niliye chini yenu kwa unyenyekevu na juu ya wengine kwa mujibu wa katiba,

Lusubilo Kibona,
Mwenyekiti, na Amiri Jeshi Mkuu wa Majembe.

Tanbihi: Barua hii ilichelewa kutumwa, Jumapili ikanikuta nayo. Wanachama wamekubali hoja zangu zote. Katiba hawakuigusa hata neno. Wamebadilisha mtu tu. Mwenyekiti sasa ni Gibson. Amemfuta kazi Jaji Mkuu, sufuria zimehamia kwake, na nilipomshauri kidogo alinijibu kwamba halazimiki. Nikauliza: Mwenyekiti akikosea, nani anamwambia? Akatangaza hali ya hatari. Mimi si mwanachama tena, Ndugu Mhariri. Nikifa wiki hii Enesi ataanzia wapi? Nimemkumbusha Gibson kifungu cha msamaha. Amesema Desemba.

Leo asubuhi Mama Ferista amepita hapa na kapu lake la maparachichi. Ameniambia nisihangaike, nikifa atakuja kunizika, aruhusiwe asiruhusiwe. Jembe analo la kwake. Nimeona aibu hata kumkaribisha kiti nimesahau. Kwa hiyo naomba ufute yote niliyoandika hapo juu. Bakiza salamu, na lile swali lake.