Kinanda Bubu na Harusi ya Dada

Jumatatu, 3 Juni
Dada amekubali! Mimi ndiye nitakayempigia muziki akiingia ukumbini Jumamosi. Sharti moja: Alhamisi asikie kwa masikio yake. La sivyo, kazi anapewa binamu na gitaa lake. Binamu! Mtu anayepiga pasi hata soksi.

Mtambo wangu ni wa kisasa. Kinanda hakina sauti yake, kinapeleka tu habari za vidole vyangu kwenye kompyuta. Kwenye skrini nimechora visanduku na kuviunganisha kwa nyaya: noti inaingia huku, sauti ya filimbi inatokea kule. Kasoro ndogo tu. Sina wimbo.

Binamu anao. Nimemwalika aje kufanya mazoezi kwangu.

Jumanne, 4 Juni
Kaja na biskuti, maskini. Nimemkalisha kwenye kinanda changu na kumfungulia programu nyingine, inayokipa sauti na kurekodi kimyakimya kila kinachopigwa. Wimbo mtamu, nusura nilie. Nimemsifu kidogo tu, asije akavimba kichwa. Alipoondoka sikuifunga ile programu. Nimeificha, tena nimeipanga ijiwashe yenyewe kila kompyuta ikiwaka. Mara nyingine najiogopa mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Kimya! Nabonyeza kinanda, visanduku vyangu havisikii kitu. Nimebadilisha waya. Kimya. Nimejaribu chaneli zote kumi na sita ambazo kinanda hupitishia noti, moja baada ya nyingine. Kimya. Nimezima kompyuta na kuiwasha mara tano.

Hapa kuna mkono wa mtu. Nimempigia binamu kumuuliza amegusa nini. Amesema hajagusa chochote, ila nitazame kama kuna programu nyingine imekishika kinanda, maana kompyuta ya aina yangu hairuhusu programu mbili kukishika kwa pamoja. Nimemwambia asinifundishe kazi. Biskuti zake nimemaliza kwa hasira.

Alhamisi, 6 Juni
Dada kaja na mama. Nimewaambia kinanda kinapumzika. Dada hakucheka. Machozi yalimlengalenga, akasema tangu utotoni alitamani kaka yake ndiye ampigie siku yake. Niliumia kweli, karibu dakika nzima.

Mama akamwita binamu. Dakika mbili tu akaifukua programu yangu na kuifunga. Filimbi ikalia! Nikashangilia peke yangu. Wengine walikuwa wanasoma jina la faili la rekodi: “Wimbo wa binamu, wa kuiba.”

Mama aliniuliza kama nilidondoshwa nikiwa mchanga, akakumbuka kwamba wa kunidondosha angekuwa yeye. Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Amesema niupige tu, mradi ukumbi utangaziwe mtunzi ni nani.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepiga! Dada ameingia analia na kucheka, akanipungia mimi, mimi kabisa! Kisha mshereheshaji akamtaja mtunzi, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi binamu. Alikuwa amepiga pasi mpaka tai.

Jumapili, 9 Juni
Nimejifunza. Kosa lilikuwa jina la faili.

Binamu ana wimbo mpya, kaja kufanya mazoezi mchana. Rekodi nimeiita “Risiti za Umeme”. Programu nimeificha vizuri zaidi, na inajiwasha yenyewe.

Jioni nimejaribu kinanda. Kimya!

Nadhani ni waya. Kesho nanunua mpya.