Nafuu ya Kodi kwa Wenye Chumba Kimoja, Ngulyati

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye naambiwa yuko njiani tangu jana. Waheshimiwa wenye nyumba, wenye vyumba na wenye nusu chumba. Mheshimiwa mwenye jenereta. Na wewe mama Flora, uliyenikaangia jogoo ambaye hadi sasa ananisemesha tumboni: mwangaluka!

(“Mwangaluka!”)

Ambaye sikumtaja ajitaje mwenyewe kimoyomoyo. Mimi Constantine Mayige, Kaimu Mratibu Msaidizi wa Mpango Mkakati wa Nafuu ya Kodi kwa Vipato Vidogo vya Pango, nimesimama juu ya mzani wa pamba kwa kukosekana jukwaa, nao unasoma kilo mia moja na kumi na mbili, jambo linalothibitisha kuwa matunda ya maendeleo yameanza kuonekana kwa mratibu. (Kicheko.)

Ndugu wananchi, kwa mujibu wa freimuweki yetu shirikishi, yeyote anayepangisha kachumba kake akapata kipato kidogo atasamehewa kodi yote, nanyi mmeitikia kwa asilimia mia moja na arobaini, kwa maana nyumba za hapa ni mia mbili, na wenye nyumba walioandikwa katika daftari hili ni mia mbili na themanini! (Makofi. Vigelegele.)

Kabla yangu, kijiji kizima kilikuwa na mpangaji mmoja, mwalimu Dastan, naye alikuwa analipa kwa kuku. Leo Limbu kapangisha kihenge cha mahindi. Kwandu kampangisha mumewe. (Kwandu: “Na bado hajalipa!”) Naye Mwandu, yule pale na maksai wake wawili, kamwandikisha mama mkwe wake, ilhali sote twajua kwamba akimwona njiani huchepukia kwenye pamba hadi apite, kwa heshima.

(Mwandu: “Mheshimiwa, si wewe uliyesema asiye na mpangaji hana nafuu? Sasa mama mkwe mwenyewe, mayu Minza, kasikia ameandikwa kwangu, kafunga godoro, anakuja! Mimi nitalala wapi, juu ya paa? Na nafuu isipokuja, kodi ya pango nisilolipwa naitoa wapi? Niuze maksai hawa, halafu nilime kwa meno?” Kicheko.)

Swali zuri sana, nalipokea kama fidibaki, na nitalijibu kimtambuka. Tumefanya warsha saba, semina elekezi nne na ziara ya mafunzo Lagangabilili, ambako tulijifunza kuwa kuna wali mzuri. (Mwandu: “Nafuu, mheshimiwa!”) Naikaribia, ndugu yangu, naikaribia. Kwanza tuamke kidogo. Chumba chako!

(“Nafuu yako!”)

Mpangaji wako!

(“Mama mkwe wako!”)

Nahitimisha kwa shukrani. Nawashukuru kwa imani, kwa utulivu, na zaidi kwa subira mtakayokuwa nayo kuanzia sasa hivi, kwa sababu mpango huu, tukiongea kiutumishi, haujawahi kuwepo. Niliusikia redioni, umeme ukakatika kabla hawajataja ni nchi gani, nami nikaona nisiwacheleweshe. Lakini daftari lipo! Kesho linakwenda mjini kwa wakadiriaji wa kodi, ambao wamefurahi mno kusikia habari zenu. Nami nimo, namba moja, kwa banda langu la kuku, nililoliandika kuwa ghorofa.

(Watu wanamkazia macho. Jenereta inazima.)

Msinitazame hivyo. Mwenzenu hata gari lililonileta limeishiwa mafuta, maana mpango usiokuwepo hauna bajeti. Mwandu, ndugu yangu, hao maksai… wanaweza kunivuta hadi Bariadi?

(Mwandu: “Wanaweza, mheshimiwa, hadi mlangoni kwako. Ila sifungi nira mpaka umfute mama mkwe.”)

Nimemfuta! Tazama, mistari miwili!

(Nderemo. Mwandu anafunga nira. Watu wanatimua mbio kwenda mazizini na kurudi wakiswaga ng’ombe.)

Taratibu, jamani, gari ni moja! Haya, Limbu, nimekufuta. Kwandu, nimekufuta, mume wako ni wa bure. Huyo ndama naye anavuta nini? Basi, nimekufuta. Wabeja sana, ndugu zangu, asanteni! Ila, samahani, nani ana kalamu nyingine? Hii imeishiwa wino, na limebaki banda moja la kuku.