Jiwe la Uzio wa Baba Keng

Jumatatu, 13 Mei

Baba Keng, salamu. Mwalimu wa darasa la wazee alinifundisha kuandika barua tu, kwa hiyo hata daftari hili la siri naanza na salamu. Nakusalimu wewe hapo ukutani, juu ya meza ya ubani. Namsalimu mama yako pichani kushoto kwako, ingawa bado amenuna. Namsalimu wifi Kimhua pamoja na goti lake. Namsalimu mbuzi, paka wa jikoni, na karanga nilizoanika uani, kama mbuzi hajazisalimu kabla yangu. Mimi sijambo. Nipo mjini Taichung kwa mwanao.

Nyumba yake mpya haina hata milango, lakini ina bahari! Kweli. Ukuta wa sebule wameuacha wazi, wakapachika tangi la kioo refu kama kitanda chetu. Maji ya chumvi. Chumvi ya mfuko! Wanakoroga kama supu. Na mawe ni ya kiwandani, meupe kama meno ya bandia. Mtoto aliyejifunza kutembea juu ya uzio wako wa mawe baharini, samaki wamenaswa huku, mawimbi kule! Kisiwani kwetu hajakanyaga tangu tulipokuzika.

Bahati nzuri nimekuja na ndoo. Ndani, kwenye maji ya kwetu, mna jiwe la mlango wa uzio, lile ulilokuwa ukilikalia kuvuta sigara. Upande ule umebomoka, hakuna wa kuujenga. Kimhua alisema naiba. Nikamwambia mtu haibi cha mumewe. Lazima liingie kwenye tangi lile. Angalau jiwe lako likae sebuleni kwa mwanao.

Nimerusha sarafu mbili kukuuliza. Moja kichwa, moja namba, ingekuwa ndiyo. Zimeanguka vichwa vyote viwili. Maana yake unanicheka. Kicheko si hapana.

Jumatano, 15 Mei

Nimejaribu njia ya adabu. Nimempikia fundi wa tangi, Fundi Lai, uji wa ngisi mkavu. Kala mabakuli mawili, kasifu, kajifuta mdomo. Nikataja jiwe. Akasema haiwezekani, mama, jiwe la baharini huja na wageni. Nikamwambia mgeni ni baraka. Akasema hata ubani nisifukize karibu na maji yake. Maji YAKE! Eti ameyalea wiki nzima, ndipo akatia samaki sita wadogo wa buluu wayajaribu.

Mkwe wetu Yahsun, mke wa Keng, akaniuliza nawaonaje. Nikasema kwa moyo safi: wadogo, lakini kwa mvuke na tangawizi wangefaa. Akaja kusimama kati yangu na tangi. Nadhani alifurahi.

Ijumaa, 17 Mei

Limeingia! Mafundi wote hulala baada ya chakula cha mchana, juu ya maboksi, kofia usoni. Fundi Lai anakoroma kama pampu yake. Nikapanda ngazi ya wapaka rangi, jiwe kifuani kama mtoto mchanga. Chubwi! Hakuna aliyeamka. Nikalisukuma nyuma ya yale meno ya bandia.

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji nikitazama. Harufu ile, Baba Keng! Alfajiri maji yakipwa, wewe mbele na taa, mimi nyuma na kapu, Keng mgongoni. Kila hatua unageuka kuuliza kama mtoto amelala. Hakulala hata siku moja. Nimelia kidogo. Vumbi la saruji.

Jumatatu, 20 Mei

Samaki wamebaki wanne.

Jumanne, 21 Mei

Wawili! Fundi Lai kafungua mabomba yote, kamulika sakafu nzima. Kasema akipotea mwingine anang'oa pampu zake, ukuta ubaki na tundu. Yahsun akaniuliza, kwa heshima zote, kama mama anashiba. Jioni kaniwekea samaki mzima, peke yangu. Nimemla mpaka mashavu ya kichwa. Nikiwa kwenye mkia ndipo nikaelewa. Mwizi! Mimi! Samaki wa kidole kimoja, hata mfupa wa kunyonya hana!

Keng kanitetea sana mezani. Kisha jikoni kaninong'oneza: "Mama, niambie mimi tu. Uliwala?"

Mtoto niliyemzaa!

Ningesema kuhusu jiwe. Lakini wangelitupa kwenye kifusi. Nimemeza.

Jumatano, 22 Mei

Nimenunua samaki wanne hai sokoni, nikawatia kufidia. Nilijuaje kama ni wa mtoni? Ndani ya chumvi wakageuka matumbo juu. Fundi Lai kapiga ukelele, watu wote wakaja. Tukiwa tumesimama hivyo, mkono ukatoka kwenye jiwe lako. Polepole. Ukachukua maiti mmoja, ukarudi ndani.

Pweza!

"Wageni," akasema Fundi Lai, akaniangalia. "Si nilikwambia, mama? Wageni!"

Keng kavua saa, kapanda ngazi, kaingiza mkono mpaka begani. Hatazami majini. Anatazama dari, ulimi pembeni mwa mdomo, kama wewe! Kalitoa jiwe, pweza amelikumbatia, maji yanamwagika kwenye viatu vyake vya ofisini. Kalinusa. Kalinusa tena. "Mama," akasema, "hili si la mlangoni?"

Fundi Lai akasema ama jiwe ama yeye. Keng akasema jiwe litaondoka. Moyo wangu ukadondoka kama ndoo iliyokatika kamba. Halafu akasema analirudisha mwenyewe Jumamosi, kwa meli, maana uzio bila jiwe la mlango si uzio. Yahsun akaniomba radhi, akasema naye anakuja, atampakata pweza.

Jumapili, 26 Mei

Umewaona mwenyewe. Jana maji yalipopwa Keng aliujenga ukuta, Yahsun akimpa mawe, matope mpaka kwenye nyusi. Walicheka! Jiwe liko mlangoni. Pweza kaondoka bila kuaga. Kimhua katangaza kwamba mwizi amerudisha.

Fundi Lai alipiga simu, nikamwapia kwa jina lako kwamba sitatia tena kitu kwenye maji yake.

Nimeweka jiwe jingine ndani ya begi la Keng, chini kabisa, kati ya mashati. Dogo. Safari hii nimelikagua vizuri sana: mna macho mawili tu, ya kaa. Akileta fujo, si Keng atalirudisha?

Nimerusha sarafu. Moja kichwa. Nyingine imebingirika chini ya kabati. Wanafunga begi sasa hivi, Baba Keng. Nijibu upesi.